Nyayo tano za Laetoli zilizoitwa za dubu: uchambuzi wa kisa cha Eneo A

Itaje Laetoli mbele ya Mtanzania yeyote aliyepita shule, kitakachomjia kichwani ni zile nyayo maarufu za viumbe wawili watatu waliotembea kwenye jivu miaka milioni 3.66 iliyopita. Hizo ni za Eneo G na zilipatikana 1978. Wengi wetu hatukuambiwa kwamba miaka miwili kabla, yaani 1976, palepale Laetoli, sehemu isiyozidi kilomita 2 hivi kutoka hapo, zilishaonekana nyayo nyingine tano zimefuatana, kiumbe mmoja anatembea kwa miguu miwili, na hizo ndo zikawekwa pembeni, baadaye zikapewa dubu, zikafukiwa na udongo wa mvua na hakuna aliyezigusa mpaka 2019. Hicho ndo kisa nataka tukichambue mwanzo mwisho, kwa sababu kwangu mimi hakuna kisa kingine Afrika Mashariki kinachoonyesha vizuri hivi jinsi ushahidi wa zamadamu (viumbe wa kale wa ukoo wetu sisi binadamu) unavyoweza kuwa umeshapatikana, umeshapigwa picha, umeshachorwa ramani, na bado ukakaa miaka zaidi ya 40 bila kusomwa.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila kuielewa ardhi kesi nzima inapotea. Laetoli iko ndani ya eneo la Ngorongoro, kama kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai. Hapa hakuna korongo refu kama lile la Olduvai, ni nyika yenye vijito vya msimu vilivyokula udongo kidogo kidogo mpaka tabaka za zamani zikatokeza juu. Kati ya tabaka hizo kuna moja la jivu la volkano ambalo wanajiolojia wanaliita Tafu namba 7. Kwa miaka mingi ilisemwa jivu hilo lilitoka mlima Sadiman ulio mashariki ya hapo, siku hizi wapo wanajiolojia wanaopinga chanzo hicho, ila kilichotokea baada ya jivu kuanguka kinaeleweka vizuri sana: jivu laini lilitanda, mvua nyepesi ikanyesha juu yake (matone yenyewe yaliacha vishimo ambavyo vinaonekana mpaka leo, na mimi kila nikiangalia picha zake nashangaa upya), wanyama wakapita likiwa bado bichi, likakauka likashika kama saruji kwa sababu lilikuwa na kaboneti nyingi, halafu jivu lingine likaanguka na kufunika kila kitu. Waliosoma tabaka hilo wanakadiria mambo yote hayo yalifanyika ndani ya wiki chache tu, kiangazi kinaisha na mvua zinaanza. Lishike hilo la wiki chache, ndo litakalobeba kesi huko mbele.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alirudi kufanya kazi Laetoli mwaka 1974 na mambo yakaanza kutoka fasta. Mwaka huohuo Maundu Muluila, mmoja wa wachimbaji wake, aliokota taya la chini ambalo leo linaitwa LH 4, na taya hilo ndo kielelezo rasmi cha spishi ya zamadamu inayoitwa Australopithecus afarensis, hata kama umaarufu wote wa spishi hiyo umechukuliwa na mifupa ya Lucy wa Ethiopia. Nyayo zilikuja 1976, na zilikuja kwa bahati kabisa. Wanasayansi waliotembelea kambi walikuwa wanatupiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo, Andrew Hill akaanguka katika kukwepa, uso ukawa karibu na jiwe, akaona alama za wanyama na vile vishimo vya mvua. Baada ya hapo wakaanza kuzitafuta kwa makusudi na wakazipata kibao, tembo, twiga, faru, sungura, kanga, digidigi, mpaka yule farasi wa zamani mwenye vidole vitatu anayeitwa Hipparion. Kila sehemu yenye nyayo ikapewa herufi, na ya kwanza ikawa A.

Kwenye Eneo A ndo zilikuwa zile tano. Ni fupi na pana, hatua zake ni ndogo, na kitu cha ajabu kuliko vyote ni kwamba mguu mmoja unavuka mstari na kutua upande wa pili mbele ya mwenzake, kama mtu anayekunja miguu mkasi huku anatembea. Mary Leakey alizitangaza kama nyayo zinazoweza kuwa za zamadamu. Alieleza waziwazi kwamba mwendo wake haukuwa wa kawaida, mwendo wa polepole na wa kuyumba, na hapo hapo watu wakaanza kuwa na wasiwasi nazo.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndo bahati ya nyayo hizi iligeuka. Mwaka 1978 Paul Abell akaona alama ya kisigino kilichovunjika sehemu nyingine, Eneo G, ikachimbwa, Tim White na Ndibo Mbuika wakiwa kati ya waliofanya ile kazi ya mikono yenyewe, na kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: njia ya mita kama 27 yenye nyayo zipatazo 70, kidole gumba kimenyooka sambamba na vingine, kisigino kimezama vizuri, upinde wa unyayo unaonekana. Yaani ukiziangalia huhitaji kuwa mtaalamu, unajua hawa walitembea kama sisi. Nyayo za G zikajibu swali kubwa la enzi hizo, kwamba zamadamu walisimama na kutembea wima muda mrefu sana kabla ubongo haujawa mkubwa na kabla ya zana za mawe tulizozijua wakati huo. Nani angerudi kuhangaika na tano za ajabu wakati ana 70 safi? Siwalaumu sana, pesa ya uchimbaji ni ndogo, msimu ni mfupi, na dunia nzima ilikuwa inataka kusikia habari za G. Ila G ikawa ndo kipimo. Chochote kilichopatikana Laetoli kikawa kinapimwa kwa G, na A ikashindwa mtihani huo siku ya kwanza.

Katikati ya miaka ya 1980 Russell Tuttle wa Chuo Kikuu cha Chicago akatoa wazo la dubu. Hoja yake ilikuwa kwamba nyayo za A zinafanana zaidi na za dubu mdogo anayetembea kwa miguu ya nyuma. Leo ni rahisi kulicheka wazo hilo, lakini mimi naona halikuwa la kipuuzi hata kidogo, na kumtendea haki mtu ni sehemu ya uchambuzi. Kwanza, Afrika ilikuwa na dubu kipindi hicho, mifupa ya dubu mkubwa aitwaye Agriotherium imepatikana Langebaanweg kule Afrika Kusini na pia Ethiopia. Pili, dubu hukanyaga kwa unyayo mzima, kisigino mpaka vidole, tofauti na simba au fisi wanaotembelea vidole, kwa hiyo alama ya mguu wake wa nyuma inaweza kabisa kumchanganya mtu. Tatu, na hii ndo nzuri zaidi, dubu vidole vyake vimepangwa kinyume na vyetu, kikubwa kiko nje na kidogo kiko ndani. Maana yake ukizichukulia zile alama kuwa za dubu, mguu uliokuwa unausoma kuwa wa kulia unageuka kuwa wa kushoto, na ule mkasi uliokuwa unasumbua kila mtu unapotea wenyewe. Ni jibu lenye mvuto, linaondoa tatizo lote kwa mpigo mmoja.

Tatizo ni kwamba lilitolewa kabla jiwe halijasafishwa. Hapo ndo penye kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Nyayo za A zilipoonekana 1976 zilikuwa bado zimejaa mabaki ya jivu gumu ndani, vidole havikuwa wazi, kingo zilikuwa hazijatenganishwa na uchafu wake, na wapo watafiti, akiwemo Tim White na mwenzake Gen Suwa mwaka 1987, walioliona hilo na kusema kwamba nyayo zenyewe hazijasafishwa vya kutosha kumpa mtu uhakika wa aliyezikanyaga. Kwa hiyo kila mtu alijua kinachotakiwa kufanyika ni kurudi kusafisha. Hakuna aliyerudi. Mjadala ukaendelea kwa picha na michoro ya zamani, neno dubu likabaki kwenye maandishi, na kadiri miaka ilivyopita likageuka kutoka pendekezo likawa kama hukumu. Vizazi viwili vya wanafunzi vimesoma Laetoli bila kujua A ipo.

Na Laetoli ilikuwa na rekodi ya kitu kama hiki. Mwaka 1935 Louis Leakey aliokota hapo jino la chonge, likapelekwa London, likahifadhiwa kwenye makumbusho likiwa kwenye kundi la nyani, na ilibidi isubiriwe mpaka 1979 ndo Tim White akalitambua kuwa ni la zamadamu. Miaka 44 jino la zamadamu limelala kwenye droo ya nyani. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kugundua ni kuokota. Kuokota ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kukiangalia ulichookota tena na tena, na hiyo nusu ya pili huwa haina wa kuilipia.

Aliyeifungua upya kesi ya A ni Ellison McNutt, ambaye alipokuwa mwanafunzi wa udaktari Dartmouth, Marekani, chini ya Jeremy DeSilva, alikuwa anasoma jinsi dubu wanavyotembea wakisimama. Yaani mtu alikuwa amekaa na dubu wa kweli na video za kweli, na alivyozilinganisha na zile picha za Laetoli akaona kuna vitu haviendi. Upande wa Tanzania aliyeshika usukani ni Charles Musiba, Mtanzania anayefundisha Colorado Denver, mtu aliyeijua Laetoli kwa miaka mingi. Mwaka 2019 timu yao ikaenda na ramani za Mary Leakey mkononi kulitafuta Eneo A. Hofu yao kubwa ilikuwa kwamba hawatakuta kitu, maana eneo lilikuwa halijawekewa ulinzi wowote wa maana na mvua za miaka 40 zingeweza kulifuta lote. Wakakuta mvua zimefanya kinyume, zimebeba udongo na kuufukia juu ya zile alama, na udongo huo umekauka ukawa mgumu kiasi kwamba iliwabidi waanze na nyundo na patasi ndipo wafike karibu na uso wa jivu.

Nataka kukaa kidogo kwenye hii hatua kwa sababu ndo kazi yenyewe na watu wengi hawaioni. Ukishafika karibu na alama unaweka patasi chini, unachukua brashi ngumu na vile vijiti vya mbao ambavyo daktari anakandamizia ulimi, na unaanza kutoa mabaki punje kwa punje. Kwa nini mbao? Kwa sababu chuma kitalichonga jivu la zamani na kutengeneza kidole ambacho hakikuwepo, au kuondoa kilichokuwepo, na hutajua umefanya hivyo. Mbao inashindwa na jivu lenyewe lakini inaliweza lile lililojaa juu yake, kwa hiyo unapofika mpaka wa kweli mkono unasikia tofauti. Wakazikuta zote tano na zikapimwa kwa skana za pande tatu. Moja, inayoitwa A3, ikatoka vizuri kiasi kwamba alama ya kidole gumba na ya kidole cha pili zikaonekana, kitu ambacho hakikuwa wazi mwaka 1976. Urefu wa unyayo ni kama sentimita 16. Hebu jiulize, alama ile ile, jiwe lile lile, kilichoongezeka ni usafi tu, na kesi nzima ikabadilika.

Sasa wakaenda kwenye dubu. Kule New Hampshire kuna kituo cha kulea dubu weusi yatima, na timu ikachagua dubu wadogo ambao miguu yao inalingana kwa ukubwa na zile nyayo za A. Wakawavuta kwa chakula kitamu ili wasimame na kutembea kwa miguu miwili juu ya matope, halafu wakapima alama. Wakachukua na video za dubu wa porini, zaidi ya saa 50, wakitaka kujua dubu asiyelazimishwa anatembea kwa miguu miwili mara ngapi. Jibu ni chini ya asilimia 1 ya muda wote. Kwa hiyo hata kama dubu angekuwepo Laetoli, ungehitaji apite siku jivu ni bichi, na apite katika ile asilimia moja ya maisha yake ambayo amesimama, na atembee hatua tano mfululizo bila kushusha mikono. Hilo pekee halimwondoi kabisa, tuwe wakweli, kitu adimu huwa kinatokea. Ila weka na hili: Laetoli wameokota visukuku vya wanyama zaidi ya 25,000 na hakuna hata kimoja cha dubu.

Na umbo lenyewe linakataa. Kisigino cha dubu ni chembamba, cha A ni kipana. Uwiano wa kidole cha kwanza na cha pili kwenye A3 hauendani na wa dubu. Kikubwa zaidi ni upana wa mwendo. Dubu akisimama anayumba kulia na kushoto huku miguu ameitanua, hana namna nyingine, nyonga na magoti yake yameumbwa hivyo, kila hatua mwili mzima unahamia upande wa mguu uliokanyaga la sivyo ataanguka. Kwa hiyo ile hoja nzuri ya kugeuza kulia kuwa kushoto inakwama hapa: hata ukizigeuza, bado zinatua karibu sana na mstari mmoja, na dubu anayetembea hivyo hayupo.

Sokwe nao walipimwa, kwa kutumia sokwe wa kwenye hifadhi kama ile ya kisiwa cha Ngamba, Uganda, na nao wakaanguka kwa sababu zilezile, kisigino chembamba na mwendo wa kutanua. Anayebaki ni kiumbe ambaye paja lake limeinama kuelekea ndani hadi kwenye goti na ambaye misuli ya pembeni mwa nyonga inaweza kuushikilia mwili wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Huyo pekee ndo anaweza kuvusha mguu mbele ya mwenzake bila kuanguka. Sisi tunaweza, jaribu sasa hivi utaona, kwa kawaida tunafanya hivyo tukiteleza au tukitafuta balansi. Yaani kile kitu ambacho kiliwafanya watu wazikatae nyayo za A miaka yote hiyo, ule mkasi, ndo umekuja kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba ni za zamadamu. Inawezekana jivu lilikuwa linateleza, inawezekana alikuwa anapita penye kikwazo, nyayo tano hazitoshi kujua kama alitembea hivyo siku zote, ila uwezo huo alikuwa nao.

Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature, Desemba 2021, na hayakuishia kusema ni zamadamu. Walisema ni zamadamu tofauti na wale wa G. Unyayo wa A ni mpana mno ukilinganisha na urefu wake, uko katikati ya sokwe na mtu, na mwendo wake sio ule wa G. Na hapa ndo lile la wiki chache linaingia. Kwingineko kote ukipata spishi mbili kwenye tabaka moja la udongo huwezi kuapa kwamba waliishi pamoja, tabaka moja linaweza kuwa na miaka elfu kumi ndani yake, mmoja kafa mwanzoni na mwingine mwishoni na hawakuwahi kuonana. Kwenye Tafu namba 7 huna hiyo nafasi ya kukwepa. Aliyepita A na waliopita G walikanyaga jivu la milipuko ileile, msimu uleule, na sehemu zao ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kama kweli ni aina mbili basi walikuwa majirani, na huenda walionana kwa macho. Sijui ushahidi mwingine wa umri huu duniani unaoweza kusema hivyo kwa nguvu namna hii, mifupa haiwezi.

Pingamizi la kwanza linalokuja hapa ni kwamba labda ni mtoto tu. Sentimita 16 ni mguu wa mtoto, na tunajua afarensis, ambao ndo wanaohesabiwa kuwa wenye nyayo za G, walikuwa na tofauti kubwa sana za umbo kati yao wenyewe. Mwaka 2015 timu ya Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa na Waitaliano akiwemo Marco Cherin, walichimba Eneo S, mita 150 tu kusini ya G, katika kazi ya kutathmini athari za makumbusho yaliyokuwa yanapangwa kujengwa hapo, wakapata mtu mwenye unyayo wa kama sentimita 26 na urefu uliokadiriwa sentimita 165. Sasa kama spishi moja ina wakubwa wa namna hiyo na wadogo wa G, mbona isiwe na A pia? Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba udogo peke yake usingenishawishi hata kidogo, ila hapa kinachotofautiana ni uwiano wa upana na urefu, na nyayo ndogo za G hazina uwiano huo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba nyayo ni tano na zilizo wazi kweli hazifiki hata tatu. Wapo wataalamu wenye heshima wanaokubali kwamba sio dubu lakini wanakataa kwenda mpaka spishi ya pili kwa ushahidi mdogo kiasi hicho. Mimi nagawanya kesi mara mbili. Kwamba ni zamadamu, hilo naona limeisha, sioni mtu atalirudisha vipi. Kwamba ni spishi nyingine, naegemea upande wa ndiyo, na kinachoniegemeza hakiko Laetoli. Mwaka 2001 Meave Leakey na wenzake walitangaza Kenyanthropus platyops kutoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, fuvu lenye uso bapa la miaka kama milioni 3.5, ambalo lilionwa kwanza na Justus Erus. Mwaka 2012 timu ya Yohannes Haile-Selassie ikatangaza mifupa ya mguu kutoka Burtele, Ethiopia, wa miaka milioni 3.4, ambao kidole gumba chake bado kilikuwa kinaweza kushika tawi, kwa hiyo sio wa afarensis kabisa. Zamani tulichorewa mstari mmoja, afarensis yuko peke yake Afrika Mashariki nzima kwa miaka laki kadhaa halafu wengine wanafuata. Picha hiyo imeshakufa. Kilichoniuma niliposoma kisa hiki ni kwamba ushahidi wa kuiua ulikuwa uko juu ya ardhi ya Ngorongoro tangu 1976, miaka 25 kabla ya Kenyanthropus, na ungeweza kusomwa kwa brashi na kijiti cha mbao.

Kuna jambo la uhifadhi ambalo haliwezi kuachwa. Eneo G, pamoja na umaarufu wake wote, liliponea chupuchupu. Lilifukiwa 1979 kwa mchanga na mawe ya volkano, lakini mchanga ulikuwa na mbegu za migunga, mbegu zikaota, na mpaka miaka ya 1990 mizizi ilikuwa inaingia kwenye nyayo zenyewe. Ilibidi Idara ya Mambo ya Kale na taasisi ya Getty ya Marekani walifukue tena 1995 na 1996, waue miti, watoe mizizi, walifukie upya kwa vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na Wamaasai wa eneo hilo walishirikishwa mpaka kwa tambiko la kondoo, jambo ambalo naliheshimu sana kwa sababu wao ndo wanaoishi juu ya hizo nyayo kila siku. Hiyo ndo gharama ya njia iliyothaminiwa. Ile isiyothaminiwa ilihifadhiwa na tope la mvua, na mwaka mmoja wa mvua mbaya zaidi ungetosha tusiwe na cha kuchambua hapa. Laetoli ina maeneo zaidi ya kumi yenye nyayo yaliyopewa herufi tangu enzi za Mary Leakey, na mengi yako wazi kwa mvua na kwato za ng'ombe. Kuyafungua yote kwa watalii sio jibu, jivu likishafunuliwa linaanza kufa, ila kuyapiga skana yote sasa hivi, moja moja, na vijana wa akiolojia kutoka vyuo vyetu wakiwa ndo wanaoshika brashi, ni kazi isiyohitaji kusubiri mtu wa kuja na swali kutoka nje.

Kuhusu A yenyewe, kinachoweza kuimaliza kesi ni vitu viwili. Cha kwanza ni kuifuata njia hiyo pande zote mbili, nyuma alikotoka na mbele alikoelekea, palipo na jivu ambalo bado limefunikwa. Zikipatikana hata nyayo kumi zaidi zenye upana uleule, za kiumbe anayetembea moja kwa moja bila kuvusha mguu, tutajua mkasi ulikuwa wa sekunde zile tu na umbo la mguu ni la kudumu. Cha pili ni mifupa ya mguu kutoka tabaka hilohilo la Laetoli. Meno na taya vipo, ila ya mguu inayotosha kulinganisha haipo, na wa kuitafuta wanajua tayari watembee kwenye miteremko ipi.